Kontrola za VR: Vile kitu umeshika mkononi huamua kama utabambika ama utatapika

Kuna den moja ya gemu Kitui town, si mbali na soko ya Kalundu, mahali wasee wa shule na wasee wa boda hukutana jioni kuchapana FIFA. Mwenye den, chali wa miaka kama 23, alitoa ganji yote alikuwa ameweka mwaka mzima akanunua hedseti ya VR ya mkono wa pili. Mpango ulikuwa rahisi: FIFA ni mbao kwa gemu, VR itakuwa soo kwa dakika kumi. Wiki ya kwanza laini ilifika hadi nje. Wiki ya tatu hedseti ilikuwa imelala juu ya kabati, imefunikwa na leso.

Hakuna mtu alilalamika juu ya picha. Picha zilikuwa moto. Malalamiko yote yalikuwa ya mikono. Mmoja alisema anatembea bila kutaka. Mwingine alisema bunduki inaelekea kushoto na yeye anapiga kulia. Wawili walitoka nje kutapika.

Halafu siku moja susu wake akapitia hapo akitoka soko, akataka kuona hiyo kitu imekula pesa ya mjukuu. Tukamvalisha. Gemu ilikuwa Job Simulator, ile ya kupika jikoni. Susu akaona nyanya juu ya meza, akanyoosha mkono, akafungua vidole vyote vile mtu yeyote angefanya. Kontrola ikaanguka kwa sakafu.

"Nyanya naiona," akasema. "Sasa mkono yangu imeenda wapi?"

Hilo swali la susu ndilo wahandisi wa VR wamekuwa wakijaribu kujibu kwa zaidi ya miaka 30. Watu wengi wakinunua VR hucheki kioo: picha ni safi aje, miwani ni nzito aje. Lakini kitu inaamua kama utajisikia uko ndani ama unatazama tu sinema kubwa ni ile umeshika mkononi. Hebu tuivunje polepole.

Kontrola ya VR hufanya kazi gani?

Ukicheza FIFA kwa TV, pad ni kama rimoti. Unabonyeza kitufe, mchezaji anapiga shuti. Kichwa chako hakijali kwamba gumba halifanani na mguu, juu unajua uko kwa benchi na mpira uko kwa kioo.

VR inabadilisha hiyo hesabu. Ukivaa hedseti, macho yako yanaamini uko mahali pengine. Kwa hivyo ukiangalia chini, unatarajia kuona mikono yako, na unatarajia ifanye vile unaiambia. Hapo kontrola inabebeshwa kazi tatu kwa wakati mmoja:

1. Kuambia mashine mkono wako uko wapi na umeelekea wapi, kila sekunde, bila kuchelewa.
2. Kutafsiri nia yako: nataka kushika, kuachilia, kurusha, kubonyeza, kutembea.
3. Kukurudishia hisia: umegusa kitu, umegonga ukuta, kamba ya upinde imekazika.

Moja ikikosea, kichwa kinashtuka mara moja. Ndio maana pad poa ya PS inaweza kuwa kontrola mbovu ya VR.

Tumetoka wapi: historia ya haraka

Miaka ya 1980 kampuni ya VPL kule Marekani, ile ya Jaron Lanier, ilitengeneza glavu yenye waya iliyoitwa DataGlove. Ilisoma vidole vikikunjwa, lakini bei yake ilikuwa ya maabara, si ya nyumbani. 1989 ikatoka Power Glove ya kuchezea Nintendo. Bei ilishuka, na usahihi ukashuka nayo. Watu waliipenda kwa picha kuliko kwa mkono.

2014 Google wakaleta Cardboard, boksi ya karatasi ya kuweka simu. Kontrola yake ilikuwa sumaku pembeni: unaivuta, simu inahisi. Toleo lililofuata likawa na kitufe kimoja tu. Ungeweza kuangalia dunia nzima, lakini mkono ulikuwa na neno moja pekee la kusema: "hii."

2016 ndio mwaka mambo yalichemka. Oculus Rift ilitoka Machi ikiwa na pad ya Xbox ndani ya boksi. Yaani umevaa dunia mpya usoni na mkononi uko na pad ile ile ya sebuleni. HTC Vive ilifuata Aprili ikiwa na vijiti viwili vinavyofuatwa kona hadi kona ya chumba, na watu wakaona tofauti siku hiyo hiyo: sasa ungeweza kuinama, kuokota kitu, kukirusha. PlayStation VR ikaja Oktoba ikitegemea PS Move, ile yenye mpira wa taa, ambayo ilikuwa imetengenezwa tangu 2010 na haikuwa na kijiti cha gumba. Kutembea ndani ya gemu ikawa shida. Desemba hiyo hiyo Oculus wakauza Touch, kontrola mbili za mkono wa kushoto na wa kulia. Mpaka leo kontrola nyingi za VR zinafuata umbo la hiyo.

Angalia vizuri hiyo stori. Miwani ya Rift ya Machi na ya Desemba ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mkono, na gemu ambazo hazikuwezekana zikawezekana.

Mambo sita yanayotofautisha kontrola fiti na ya kukuboo

1. Inajua uko wapi, ama inajua tu umegeuka?

Hii ndiyo ya kwanza kuuliza kabla utoe pesa. Kuna kontrola zinazosoma mzunguko tu: umeinamisha, umezungusha, umeelekeza kushoto ama kulia. Oculus Go ya 2018 ilikuwa hivyo. Ni kama tochi: unaelekeza, unabonyeza. Ukijaribu kusongesha mkono mbele kushika kikombe, haisongi.

Kuna zingine zinasoma mzunguko pamoja na mwendo: mbele, nyuma, juu, chini, kando. Quest ya 2019 na zilizofuata ziko hapa. Na hizi unaweza kupiga ngumi, kuinama chini ya meza, kurusha jiwe. Ukiona hedseti ya bei ya kutupa kule mtandaoni, cheki hii kabla ya kitu kingine chochote.

2. Nani anaifuata?

Vive hutumia visanduku vya kubandika ukutani vinavyopiga mionzi. Quest inatumia kamera zilizo kwenye hedseti yenyewe, ambazo zinatafuta vitaa vidogo vya infraredi kwenye kontrola. Ile pete ya plastiki ya Quest ya kwanza na Quest 2 si urembo. Vitaa viko humo ndani.

Ubaya ni kwamba kamera haioni nyuma ya mgongo wako. Ukivuta mshale kutoka mgongoni, mashine inakisia. Quest Pro ya 2022 ilijaribu kutatua hii kwa kuweka kamera tatu kwenye kila kontrola ijitafute yenyewe. Quest 3 ya 2023 ikatoa pete kabisa, vitaa vikahamia kwenye mwili wa kontrola, na mikono ikaacha kugongana ukiileta karibu.

3. Kushika kunafanana na kushika?

Kwa Touch, kidole cha shahada kiko kwa triga na kidole cha kati kiko kwa kitufe cha pembeni cha kushika. Ukifinya, mkono wa ndani unafunga. Kuna pia sensa zinazojua kama kidole kimelala juu ya kitufe ama kimeinuka, kwa hivyo ukiinua shahada, mkono wa ndani unaonyesha kidole. Ni kitu kidogo, lakini mtu akiona amenyoosha kidole na kidole kimenyooka, anacheka. Anaanza kuamini.

Shida iko kwa kuachilia. Dunia ya kweli ukitaka kuachilia kitu, unafungua mkono. Kwa kontrola ya kawaida ukifungua mkono, inaanguka, vile ilifanyika kwa susu. Valve wakaleta jibu 2019 na Index: kontrola inafungwa kwa mkanda nyuma ya mkono, kwa hivyo unaweza kufungua vidole vyote na haiendi popote. Kila moja iko na sensa 87 za kusoma vidole na nguvu ya kufinya.

4. Kijiti cha gumba na tumbo lako

Hapa ndipo wale wawili walitapikia. Macho yakiona unatembea na sikio la ndani, lile linalopima usawa, likisema umesimama, mwili unachanganyikiwa. Kichefuchefu kinaanza hapo. Kijiti cha gumba kinafanya hivyo hasa: unakisukuma, dunia inasonga, miguu iko pale pale.

Ndio maana gemu nyingi zinakupa njia nyingine. Unaelekeza mahali, unaachilia, unatokea huko bila kuona safari. Ama ukigeuka, picha inaruka kwa vipande badala ya kuzunguka polepole. Mgeni aanze na hizo.

Sasa ongeza drift. Kila mwenye den anaijua: kijiti kimechakaa ndani, kinasukuma chenyewe. Kwa FIFA drift inakuharibia pasi. Kwa VR inamaanisha dunia nzima inateleza polepole na wewe hujagusa kitu. Hedseti ya Kalundu ilikuwa na hiyo shida kwa kontrola ya kushoto. Hakuna mtu aliiangalia siku ya kununua.

5. Kurudisha hisia

Kontrola nyingi hutetemeka tu. Mtetemo mfupi, mkali, ukija wakati ule ule unaona kitu kimegongana, unadanganya kichwa vizuri sana. Ukichelewa kidogo, uongo unaonekana. PlayStation VR2 ya Februari 2023 iliongeza triga zinazokaza: ukivuta upinde, kidole kinasikia ugumu.

Lakini hakuna ya hizo inakupa uzito. Ukiinua gunia ndani ya VR, mkono wako bado umebeba kontrola nyepesi. Wanaotengeneza gemu nzuri wanajua hivyo na wanakwepa. Job Simulator, kwa mfano, ukishika kitu, mkono unapotea na unaona kitu peke yake. Watu wengi hawagundui kabisa. Kampuni iliyoitengeneza, Owlchemy Labs, hata iliipa hiyo mbinu jina linalotokana na nyanya. Kichwa kinakubali kwamba nyanya ndiyo mkono.

6. Mkono unachoka

Jaribu kuinua mkono mbele yako kama mtu anapaka ukuta rangi, ukae hivyo dakika tatu. Unaona? Menyu ikiwekwa juu ya macho na kila kitu ni kunyoosha mkono, mtu atavua hedseti hata kama stori ni tamu. Kontrola nyepesi inayokuruhusu kuelekeza ukiwa umeweka kiwiko kiunoni inashinda ile inayokulazimisha kuwa polisi wa trafiki.

Na mikono mitupu je?

Desemba 2019 Quest ilianza kusoma mikono bila kontrola. Februari 2024 Apple wakatoa Vision Pro kwa dola 3,499 bila kontrola yoyote ndani ya boksi: unaangalia kitu kwa macho, unagusanisha gumba na shahada, basi umechagua. Kwa kusoma menyu na kutazama filamu, hiyo ni raha. Susu angeiweza siku ya kwanza.

Lakini ukishika upanga kwa mkono mtupu, unafinya hewa. Hakuna kitufe, hakuna mtetemo, na kamera inakisia vidole vilivyojificha nyuma ya vingine. 2025 Apple wenyewe wakakubali kontrola za PlayStation VR2 zitumike na Vision Pro. Hata kampuni iliyosema mikono inatosha ilirudi kutafuta mpini.

Kwa hivyo hakuna mshindi mmoja. Kuna kazi ya mkono mtupu na kuna kazi ya kontrola. Hii ndiyo sehemu wasee wa Ukambani wanafaa kusikiliza, juu inahusu zaidi ya gemu.

Kontrola ni mpini

Pale Malili, Makueni, kando ya Mombasa Road, ndipo iko Konza, ekari 5,000 za jiji la teknolojia ambalo Rais Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013. Kitui iko na SEKU pale Kwa Vonza. KMTC iko na kampasi Kitui na Makueni, na vyuo vya ufundi viko karibu kila mahali. Vijana wengi huku wanasomea kazi ya mkono: kuchomelea, umeme, uuguzi, ushonaji. Siku mtu atakuja na slaidi zake akisema VR itafundisha hizi kazi zote, swali la kwanza linafaa kuwa: wanafunzi watashika nini?

Fikiria hivi. Kontrola ni mpini wenye triga. Kazi ambayo kifaa chake ni mpini wenye triga inaingia VR vizuri. Kuchomelea ni mfano mzuri. Mashine ya VRTEX ya Lincoln Electric, inayofundisha kuchomelea kwa VR, haitumii kontrola ya gemu. Mwanafunzi anashika bunduki yenye umbo la ile ya kazi, anavaa helmeti yenye umbo la ile ya kazi, na mashine inapima pembe, umbali na kasi ya mkono wake. Akitoka hapo mkono umeshajifunza kitu cha kweli, na hakuna chuma wala gesi imeharibika. Mtu wa kupulizia dawa miembe Makueni pia angefaidika: ile fimbo ya kunyunyizia iko na mpini na ya kufinya.

Sasa geuza. Chukua kyondo. Mama wa Mwingi ama Mbooni akisuka kyondo, kila kidole kiko na kazi yake, na vidole ndivyo vinasikia kama uzi wa mkonge umekaza vya kutosha. Kontrola haina vidole vya hivyo. Mkono mtupu mbele ya kamera unaonyesha vidole lakini hausikii uzi. Unaweza kumwonyesha mtu hatua za kusuka kwa VR, hiyo ni sawa. Lakini kumfundisha mkono wake kusuka, kwa vifaa vya duka vya sai, hapana.

Na si maneno yangu tu. 2002 madaktari wa Yale walichapisha jaribio lao: madaktari 16 wanaosomea upasuaji, nusu wakafanya mazoezi ya VR kabla ya kutoa kibofu cha nyongo kwa mgonjwa wa kweli. Waliofanya VR walimaliza sehemu yao kwa kasi zaidi kwa asilimia 29, na wale wengine walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kujeruhi nyongo ama kuchoma mahali hapafai. VR ya mwaka huo ilikuwa na picha mbaya kuliko simu yako, maumbo tu. Lakini walichoshika kilikuwa mipini ya vifaa vile vile vya upasuaji.

Linganisha na jaribio lililochapishwa 2021 kwenye jarida la BMJ Open, la wauguzi na wakunga 274 wa Lagos, Nigeria, na Busia yetu hapa Kenya. Walikuwa wanakumbushwa kumsaidia mtoto mchanga ambaye hapumui. Kundi moja lilitumia VR ya simu, lingine video, lingine njia ya kawaida. Baada ya miezi sita, kwenye mtihani wa kutumia mfuko na barakoa ya kupulizia hewa, makundi yote yalipita kwa kiwango cha chini na hakukuwa na tofauti ya maana kati yao. Hiyo kazi ni mkono wa kwanza kubana barakoa kwa uso wa mtoto hewa isivuje, na mkono wa pili kufinya mfuko kwa kipimo. Mimi naisoma hivi: simu inaweza kukukumbusha hatua na mpangilio, lakini haina kitu cha kufinya. Huo mkono bado unahitaji mwanasesere na mfuko wa kweli mezani.

VR hapo si bure. Oxford na KEMRI-Wellcome Trust walitengeneza LIFE, gemu ya simu na ya VR ya kufundisha wahudumu wa afya kushughulikia dharura, na uzuri wake uko kwa kufundisha uamuzi: nini kwanza, nini pili, upesi. Ila mtu akikuuzia VR ya kufundisha mkono, mwambie akuonyeshe mkono unashika nini.

Jua, vumbi na taa za den: mambo ya huku kwetu

Maelekezo ya kwa boksi yaliandikwa na watu wa nchi za baridi. Huku Kitui na Makueni kuna vitu vya kuangalia.

Jua. Jua lina infraredi nyingi, na kamera za hedseti zinatafuta infraredi. Ukicheza karibu na mlango wazi saa saba mchana, mikono itaruka ruka. Mbaya zaidi, jua likipita kwa lenzi linachoma kioo cha ndani kama vile ulikuwa unachoma karatasi na kioo cha kukuza ukiwa mdogo. Usiache hedseti lenzi zikiangalia juu, hata dakika moja.

Taa za mapambo. Ile mistari ya taa ndogo ndogo den nyingi hubandika ukutani inaweza kuchanganya kamera ikadhani ni vitaa vya kontrola. Kioo kikubwa ukutani pia. Izime, funika kioo.

Giza. Mikono mitupu inataka mwanga wa kutosha chumbani. Balbu moja hafifu haitoshi. Kwa mipangilio ya Quest kuna pia sehemu ya kuchagua mwendo wa umeme, 50 ama 60. Kenya ni 50.

Vumbi na jasho. Vumbi la barabara likiingia kwa kijiti, drift inakuja haraka. Weka kontrola ndani ya boksi, si juu ya meza. Funika mpini na mpira wa silikoni, na ufute kwa kitambaa kikavu kila mteja akitoka.

Betri. Kontrola nyingi za Quest hutumia betri moja ya AA kila moja. Hiyo ni baraka huku: stima ikipotea, unakimbia duka. Za Index na PlayStation VR2 zinachajiwa. Zikizima, mnangoja.

Mkanda wa kifundo. Huu si wa kuuliza. Desemba 2006 Nintendo walijitolea kubadilisha mikanda karibu milioni 3.2 ya Wii, juu rimoti zilikuwa zinaruka kwa TV za watu. Den yenye TV tatu na mteja mwenye jasho, fanya hesabu.

Kabla utoe ganji

Kama unanunua mkono wa pili, fanya hivi mbele ya muuzaji:

- Washa, ingia kwa menyu, weka kontrola zote mbili mezani. Kitu kikisonga chenyewe, ni drift. Punguza bei ama uondoke.
- Bonyeza triga na kitufe cha kushika mara ishirini kila mkono. Sikiliza kama kuna moja inakwama.
- Zungusha mikono polepole mbele yako, juu na kando. Mkono wa ndani usiruke.
- Fungua mlango wa betri. Kutu ya kijani inamaanisha betri ilivujia ndani.
- Hakikisha ziko mbili, kushoto na kulia, na ni za hedseti hiyo. Kontrola ya Quest 2 haifanyi kazi na Quest 3.
- Uliza kontrola moja pekee inauzwa pesa ngapi. Hiyo ndiyo itaharibika kwanza.

Kama unanunua mpya, Quest 3S ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299, karibu 39,000 kabla ya ushuru na usafiri, na kontrola zake ni zile zile za Quest 3. Ukiwa na PS5 tayari, PlayStation VR2 iko na triga zile za kukaza. Cardboard na ndugu zake waachie video za kutazama.

Na kwa mteja mpya: anza na gemu ambayo mtu anasimama mahali pamoja, kama Beat Saber ama Job Simulator. Mwonyeshe kitufe cha kushika kabla umfunike macho. Mfunge mkanda. Dakika kumi zinatosha siku ya kwanza.

Yule chali wa Kalundu alibadilisha kijiti cha kontrola ya kushoto kwa fundi wa simu, akazima taa za ukutani, akaweka pazia nzito mlangoni. Gemu za kukimbia alizitoa. Laini haijarudi hadi nje, lakini Jumamosi anapata watu kumi, kumi na wawili, na hajaona mtu akitoka mbio ameshika mdomo.

Susu alirudi pia. Safari hii alifungwa mkanda na akaonyeshwa kitufe. Alishika nyanya, akaikata, akaitupa kwa sufuria, kisha akauliza mbona haina harufu.